Ufito Uliofungwa Stoo

"Usiupeleke ufito kortini."

Nilimwambia Elinami maneno hayo tukiwa tumezama hadi magotini, tunazoa tope lililojaa kwenye ndiva, bwawa dogo linalokinga maji ya kijito chetu. Alikuwa ameapa kwamba kesho atakwenda mjini kumshtaki jirani wa shamba la juu kwa sababu ya maji. Mwenzake Sangiwa akasimamisha koleo. "Ufito gani tena, babu?"

"Endeleeni kuzoa, nitawaeleza." Chanzo cha methali hii ni hapa hapa tuliposimama.

Siku hizo ndiva ilinywesha mashamba mawili tu, la Senkondo na la Kiangi, na baba yangu ndiye aliyekuwa mshika ufito. Ulikuwa fimbo nyembamba yenye alama moja ya kisu. Maji yalijaa usiku. Asubuhi baba aliuchovya ufito na kufungua mlango wa ndiva. Maji yakishuka hadi kwenye alama, zamu ya Senkondo imekwisha, yanayobaki ni ya Kiangi. Bila ufito mlango haukufunguliwa. Maji yasiyopimwa yalihesabiwa kuwa ya wizi.

Mwaka mmoja wa jua kali, Kiangi alidai kwamba Senkondo ameishusha alama ili apate maji mengi zaidi. Senkondo akakana. Baba alipokwenda msibani, Kiangi akauchukua ufito darini kwetu, akaupeleka mahakamani uwe ushahidi. Hakimu alikuwa mtu wa taratibu. Karani akaubandika namba, akaufungia stoo, na shauri likaahirishwa wiki tatu.

Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele, wakati ambao hayavumilii kiu. Kesho yake asubuhi Kiangi alifika hapa na mkewe, Namkunda. Ndiva ilikuwa imejaa pomoni.

"Shemeji, tufungulie," Namkunda akamwambia baba, ambaye alikuwa amerudi kutoka msibani.

"Nipime kwa kitu gani?"

"Si ukate ufito mwingine."

Senkondo naye alikuwepo. "Ukatwe, mimi sina neno. Alama itiwe pale pale ilipokuwa."

"Ilipokuwa ni wapi?" Kiangi akauliza. "Hilo ndilo ninaloshtakia. Nikikubali ufito mwingine leo, hakimu ataniuliza ule wa kwanza niliupeleka wa nini."

"Basi mwagilia kwa samansi," Senkondo akamjibu.

Namkunda akamgeukia mumewe. "Baba Nakijwa, mahindi hayamjui hakimu."

"Wiki tatu tu, mke wangu."

Wiki tatu zilipokwisha, hakimu alikuwa likizo. Aliporudi, ufunguo wa stoo haukuonekana. Ulipoonekana, Senkondo akawa mgonjwa. Na kila asubuhi ndiva ilifurika, maji yakashuka korongoni tukiyatazama, huku mashamba yote mawili yakikauka. Baba alikaa ukingoni na hakufungua. Mpaka leo sijui kama alikosea. Alisema siku atakayogawa kwa macho, watu watagawana kwa mapanga.

Namkunda alisubiri hadi majani yalipojikunja. Kisha akayafyeka mahindi yake, akawapa ng'ombe.

Hukumu ilisomwa mwezi wa nne tangu ufito ufungiwe stoo. Hakimu alisema haikuthibitika kwamba alama ilishushwa, na akaamuru wadaawa wagawane maji kwa kipimo chao cha kawaida. Kiangi akauomba ufito. Karani akamweleza kwa upole kwamba kielelezo hakitoki mpaka muda wa rufaa upite.

Kiangi aliporudi nyumbani alimkuta Namkunda akizoa samadi mlangoni.

"Wamesemaje?"

"Tugawane kwa ufito."

"Uko wapi?"

Kiangi akavua viatu vyake vya mjini, akaviweka kizingitini. "Kortini," akasema.

Nilipofika hapo katika kisa changu, Sangiwa alikuwa anacheka peke yake. Elinami hakucheka. Jua lilikuwa limeinama, na nusu ya tope bado ilikuwa ndani ya ndiva. Elinami aliliosha koleo lake, akauliza kesho tunaanza saa ngapi.

"Saa kumi na mbili," nikamwambia. "Na jirani yako wa juu nimemwita, mtazoa pamoja. Usiupeleke ufito kortini."