Kwa Nini Mwenye Kiberiti Hukuwashia kwa Mkono Wake

Hapo kale, kabla moto haujazoea kuhama mfuko kwa mfuko, kila moto ulikuwa na mwenyewe. Mtu mzima, mwanamume kwa mwanamke, alitembea na wake kiunoni: kaa dogo lililofukiwa ndani ya kinyesi kikavu cha tembo, likifuka polepole kutwa nzima bila kuzimika. Chombo kilichobeba kaa hilo kiliitwa kiwashio. Asubuhi watu walipokwenda porini walizima majiko, maana nyumba zilikuwa za nyasi, na jioni kila mmoja aliwasha jiko lake kwa kiwashio chake.

Tena palikuwa na sheria, na sheria yenyewe ilikuwa hivi: moto haupewi mkono wa pili. Aliyezimikiwa alikaa na baridi yake na unga wake mbichi mpaka mavuno ya mtama, Mtemi alipopekecha moto mpya na kuwagawia watu. Walisema sheria hiyo inafundisha uangalifu. Wasemao maneno ya namna hiyo mnawajua. Huwa wameketi karibu na jiko.

Katika nchi hiyo ya miombo na nyuki aliishi binti mmoja mrina asali, jina lake Nyamizi, pamoja na mama yake, Bi Kalunde. Mama huyo kifua chake kilikuwa kibovu. Wakati wa kipupwe, upepo wa asubuhi ulipoanza kukata masikio, alilala kando ya jiko na kunywa uji wa moto, na hicho ndicho kilichomvusha mwaka hadi mwaka. Kiwashio chake mwenyewe kilikwisha pasuka, na wazee hawakupewa kingine. Kwa hiyo moto wa nyumba ile ulikuwa mmoja tu, nao ulining'inia kiunoni mwa Nyamizi.

Siku ya kuchagua kiwashio, vijana wote wa rika lake walikusanyika kwa mchongaji. Vilikuwepo vya kila namna. Vibuyu vilivyovishwa shanga, mifupa iliyozungushiwa nyuzi za shaba, na kimoja cha gamba la kobe kilichopambwa kwa kauri, hicho kila mtu alikikodolea macho. Mayunga, kijana wa nyumba ya jirani, alikinyakua kabla mwenziwe hajanyoosha mkono, akakining'iniza kiunoni akatembea mbele ya wasichana mara mbili tatu. Nyamizi hakuwa na haraka. Alishika kimoja kimoja, akakipindua kichwa chini, akakitikisa, akakipulizia, akakichovya kwenye mtungi wa maji. Zaidi ya yote alijaribu kukifungua kwa mkono mmoja, kwa sababu mrina asali akiwa juu ya mti mkono wa pili ni wa tawi. Vile vizuri vyote vikamwangusha. Mwishowe akachomoa chini kabisa ya fungu pembe ya beberu, nyeusi, iliyopinda, yenye kifuniko cha mninga kilichobana barabara na kufunguka kwa kidole gumba.

"Hilo pembe au jino bovu?" Mayunga akamcheka.

"Cheka," Nyamizi akamjibu. "Mvua ikinyesha tutaulizana."

Akakipenda kiwashio chake. Usione ajabu mtu kupenda kitu kidogo kama hicho. Kitu unachokishika asubuhi, mchana na jioni, kinachokaa kwenye kiganja mpaka kiganja kikajua uzito wake, hicho si kitu tena, ni sehemu ya mwili. Miaka ikapita na pembe ile haikumzimikia hata siku ya mvua ya mawe.

Sasa msikie lililotokea. Siku moja ya kipupwe warina asali waliingia porini, Nyamizi na Mayunga wakiwa upande mmoja. Mayunga alifungua mzinga wake bila kutazama kiwashio, naye angekitazama angeona kwamba upepo umepenya katika tundu za kauri na kaa limekufa kitambo. Nyuki wakatoka. Walimvamia usoni, shingoni, ndani ya nguo, akaanguka chini ya mti akipiga yowe.

"Dada Nyamizi! Nakufa! Nipe moto, dada yangu!"

Nyamizi alikuwa juu ya mti wake. Sheria aliijua, na kwamba mtu anakufa aliliona pia. Alishuka hadi tawi la chini akamrushia pembe. Mayunga akawasha mwenge wa majani, moshi ukafuka, nyuki wakarudi nyuma. Akakaa chini akihema, akacheka kwa kuponea chupuchupu, akaanza kujisimulia mwenyewe jinsi alivyokuwa shujaa. Huku mdomo ukisimulia, mkono ukakibana kifuniko kwa kidole gumba na kuitia pembe mkobani. Hakuiba. Wala hakukusudia. Mkono tu ulifanya kama mikono ya watu inavyofanya hadi leo, na hapo ndipo ninapochukia zaidi, kwa sababu mwizi unaweza kumkamata, lakini huyu asiyejua alichokifanya utamkamatia wapi? Nyamizi aliporudi juu kumalizia mzinga wake na hatimaye kushuka na asali, Mayunga alikuwa amekwenda zake.

Alikimbia njia nzima. Akamkuta Mayunga mlangoni kwake, uso umevimba, anapakwa dawa.

"Pembe yangu iko wapi?"

Mayunga akapapasa mkoba. Akapapasa tena. "Ala! Nilikuwa nayo. Nimekutana na mjumbe wa Mtemi njiani, akataka kuwasha kiko, nikampa... Basi atakuwa amekwenda nayo. Nilidhani ni yake."

"Ulidhani ni yake? Umeitoa mkobani mwako ukadhani ni yake?"

"Usikasirike, dada. Ni pembe tu."

Pembe tu! Jua lilikuwa linashuka na Bi Kalunde alikuwa amejikunja kando ya majivu baridi. Nyamizi akaenda nyumba ya kwanza, jiko likiwaka, akaomba kaa moja. Mwenye nyumba akatikisa kichwa kwa huruma nyingi, akasema sheria ni msumeno. Nyumba ya pili wakampa blanketi. Nyumba ya tatu alikuta mama mmoja akigeuza ugali kwenye chungu, mvuke umejaa ukumbi mzima, naye akamshauri awe mwangalifu zaidi siku nyingine. Hakuna aliyemtukana. Wote walikuwa wapole, na kila mmoja aliufunga mlango taratibu.

Kulipokucha alifuata njia ya mjumbe. Mjumbe alikumbuka pembe ile, pembe mbaya mbaya hivi, ndiyo, alimwazima mpiga ngoma. Mpiga ngoma alikumbuka kwamba alikuwa nayo, ila kuna mzee wa baraza aliyewashia nayo tumbaku, na wazee wote wa baraza walikuwa wamesafiri na Mtemi kwenda kuamua kesi ya mpaka. Nyamizi akarudi nyumbani mikono mitupu. Alimfunika mama yake kwa mablanketi yote mawili, akamkumbatia mgongoni ampe joto la mwili wake.

"Mwanangu," Bi Kalunde akasema, sauti imekauka, "ulimpa moto yule kijana?"

"Nilimpa, mama. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Angekufa. Ulifanya vyema." Akakohoa hadi akachoka. "Ila pembe usingeiachia."

Baridi ya kipupwe haikumngojea Mtemi arudi. Bi Kalunde alikufa asubuhi moja, upepo ukivuma, kando ya jiko lisilo na moto.

Wakaja basi. Walikuja wote, vilio mbele. Nyumba ya kwanza ilileta chungu cha uji wa moto, nyumba ya pili ilileta kuni zikiwa zinawaka, maana kwenye msiba sheria ililegezwa ili waombolezaji wasipate baridi. Yule mama wa nyumba ya tatu alileta ugali, chungu kizima, akamsihi Nyamizi ale angalau tonge moja. Nyamizi akautazama mvuke ukipanda kutoka kwenye ule uji. Alishindwa kulia. Akasimama kwa hasira akachukua kile chungu cha uji akaenda kukiweka juu ya kaburi la mama yake, watu wakaguna, wengine wakasema majonzi yamemtia wazimu.

Mtemi aliporudi, Nyamizi alikwenda barazani. Wazee walikuwa wameketi kwa vyeo vyao, na Mayunga akaitwa asimame, kwa sababu kila mtu alifikiri kesi ni ya wizi wa pembe.

"Mtemi wangu," Nyamizi akasema, "sikuja kumshitaki Mayunga. Nina ombi moja dogo. Naomba kila mtu aliye hapa akunjue mkoba wake."

Wazee wakacheka, kisha wakaanza kurekebisha nguo. Mtemi hakuona ubaya wa ombi lile, akaamuru. Mikoba ikakunjuliwa. Lo! Kibuyu cha shanga cha mke wa mjumbe kilitoka kwa mpiga ngoma. Mfupa wa mpiga ngoma ulitoka kwa mzee wa kwanza, na wa mzee wa kwanza ulikutwa kwa mzee wa tatu. Yule bwana wa nyumba ya kwanza, mwenye sheria yake ya msumeno, alikuwa na viwashio viwili, na hata kimoja hakikuwa chake. Watu wakatazamana. Kumbe siku zote walikuwa wakipeana moto, kwa kiko, kwa pombe, kwa mazungumzo ya njiani, rafiki kwa rafiki, mkubwa kwa mkubwa. Msumeno ule ulikuwa na meno upande mmoja tu, na upande huo ulikuwa umeelekezwa kwenye shingo za wanyonge.

Mtemi alikuwa wa mwisho. Alitia mkono kiunoni, uso ukambadilika, akatoa pembe nyeusi ya beberu iliyopinda. Ilikuwa baridi. Kaa lilikuwa limekufa humo ndani na hakuna aliyejisumbua kulitazama.

"Ukaiweka kiunoni ikiwa imezimika," Nyamizi akasema. "Mama yangu alikufa kwa kukosa kitu ambacho wewe hukujua kwamba unacho. Mmeniambia niwe mwangalifu. Haya, niambieni tena! Nani kati yenu atanihukumu? Nani atamhukumu Mayunga?"

Mtemi akaamuru aletewe kiwashio chake cha shaba, kizuri kuliko vyote nchini, akamnyooshea kama fidia. Nyamizi hakukigusa. Akachukua pembe yake, akaifuta kwa nguo, akaenda hadi jiko la baraza na kutia kaa jipya, na hakuna mlinzi aliyethubutu kumzuia. Hapo Mtemi akasimama akafuta sheria mbele ya watu wote. Akasema kuanzia leo mtu akiomba moto asinyimwe, awe mkubwa awe mdogo, mwenyeji au mgeni. Na kwa kuwa barazani hapakupatikana mkono mmoja safi, akasema pia kesi ya kiwashio kilichopotea haitasikilizwa tena, wala kwake wala kwa watemi watakaomfuata.

Watu walikuwa wanaanza kutawanyika Mayunga aliposogea mbele. Uso wake ulikuwa umenywea. Jiko la nyumbani kwake lilikuwa limezimika tangu siku ile ya nyuki, na gamba lake la kobe halikuwa na kitu. Akasimama mbele ya Nyamizi, akaangalia chini.

"Dada," akasema, "naomba moto."

Baraza zima likageuka kutazama. Wengi walitaka amnyime, na nakuambieni wala asingelaumiwa. Machozi yaliyokataa kutoka msibani yakamtoka Nyamizi sasa. Akafungua kifuniko kwa kidole gumba. Mayunga akanyoosha kiganja apokee, lakini Nyamizi hakuachia, akaibana pembe kwa vidole vyote vitano, akaisogeza mbele kidogo tu.

"Moto nakupa, Mayunga," akasema. "Pembe sikupi. Inama."

Naye Mayunga akainama, akawasha kutoka mkononi mwake.

Na tangu siku hiyo, moto hauna mwenyewe, ila kiwashio kinaye. Ndiyo maana hata sasa, kinyesi cha tembo kimekwisha na kimekuja kiberiti cha gesi, humwombi mtu moto akakunyima, hata kama hamjuani, hata kama mmegombana. Ndiyo maana pia mwenye akili zake hakuachii kiberiti: anakiwasha mwenyewe, anakukingia upepo kwa mkono wa pili, na wewe mwenye haja unainama. Wasiofanya hivyo mnawaona wakijipapasa mifuko na kuuliza nani kachukua. Hawana pa kushitaki. Mwenye duka naye ameelewa, amekifunga chake kwa kamba kwenye nondo ya dirisha.

Na penye mgonjwa, jirani aliyefundwa hangoji kuombwa. Anabeba kaa kwenye kigae asubuhi na mapema, anabisha hodi, anaingia nalo mpaka jikoni. Uji wa msibani kila mtu anaweza kuupika.