Pointi Saba za Tumpe

Sogeeni. Nina kesi inayotaka mahakimu, na mahakimu ni nyinyi.

Walikuwapo watatu waliomsaidia Tumpe. Sekela wa Mbeya alikuwa king'ang'anizi. Ukimwambia hapana, yeye alisikia njoo kesho. Chanda wa Lusaka alikuwa na subira ya kueleza jambo moja mara kumi bila kununa. Atuganile, shangazi yake Tumpe, aliyeolewa huko huko Lusaka, aliwahi kuwa mwalimu wa Kiswahili kabla ya kufungua duka la vitambaa.

Tumpe, shoga yake Sekela tangu darasa la kwanza, alimaliza kidato cha tano, na mama yake akahamishiwa kazi Lusaka. Shule ya huko ilikuwa na mtaala mwingine, wa miaka miwili, naye alitaka kuingia mwaka wa mwisho. Akikataliwa au akifeli, aanze upya.

Balaa lilianzia kwenye cheti. Tumpe alikuwa na daraja la kwanza la pointi saba, na kwetu kidato cha nne hakuna anayempita mwenye saba, maana pointi zikipungua ndipo ufaulu unapopanda. Shule ile huhesabu kwenda juu, hadi arobaini na tano. Mkuu wa shule akaiona saba, akasikitika, akasema mtoto huyu hawezi. Sekela alipopata habari alimwandama mwalimu wa taaluma wa shule yao ya Mbeya siku nne, akakosa jaribio lake la Kemia, mpaka barua ya kueleza pointi ikaandikwa na kupigwa muhuri. Tumpe akapokelewa.

Lakini alikuwa nyuma mwaka mzima. Chanda, mwanafunzi mwenzake, akamkabidhi madaftari yake, na kila jioni kwa miezi saba akamfundisha. Picha zikawa zinaingia kwenye simu ya Sekela: Tumpe na Chanda, hata misuko imefanana. Sekela aliona wivu, tena wivu wa kukosesha mtu chakula.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," mama yake alimtania.

"Nyoka wa kwanza nimemuua mimi," Sekela alijibu, akanuna wiki nzima.

Tena mtaala ule hautoi cheti bila mtihani wa lugha ya nyumbani, na shule haikuwa na mwalimu wa Kiswahili. Shangazi Atuganile akawa anafunga duka kila Jumanne na Alhamisi amsomeshe. Wateja wake wakahamia kwa jirani.

Tumpe alipata pointi thelathini na nane. Kwenye mahafali, kila mhitimu humwita jukwaani mtu mmoja amvishe joho. Mmoja tu. Tumpe aliilia fomu ya kuandika jina hilo siku mbili, kisha akampigia Sekela.

"Nikimwandika mmoja nitawaudhi wawili," alisema. "Wewe unanijua kuliko wote. Utakayemtaja ndiye nitakayemwandika."

"Hata nikijitaja mimi?"

"Hata ukijitaja."

Sekela alifurahi, kisha akaona aibu. Alijua kwamba bila Chanda barua yake ingebaki karatasi, na bila shangazi kusingekuwa na cheti. Alijua pia kwamba bila barua hao wawili wasingekuwa na wa kumfundisha. Lakini kila alipojaribu kulitamka jina la Chanda, ulimi ulikuwa mzito. Kesho saa nne Tumpe anataka jibu.

Haya, mahakimu. Nani amvishe Tumpe joho? Na wewe uliyekwisha kuamua, je, ungemtaja huyo huyo kama wivu wa Sekela ungekuwa wako?