Mposaji Aliyejisemea

Ndugu zangu, alikuwapo kijana mmoja aliyekwenda kuposa. Utaratibu mnaujua: mshenga ndiye husema, mposaji hukaa kimya akitazama viatu vyake. Lakini huyu mapenzi yalimzidi. Mshenga hajamaliza hata salamu, kijana kasimama.

"Baba, silali! Usiku naungua, mchana natetemeka. Nikila ni kama nala majivu. Nacheka, huku nalia!"

Mshenga akamvuta koti. Wapi!

Sasa, baba wa binti alikuwa karani mstaafu wa mahakama. Mtu wa namna hiyo hata ukimwambia mvua inanyesha, atataka shahidi wa pili. Akakunja uso. Moyoni akasema, huyu kakariri mahali.

"Huko kutolala, nani anathibitisha?"

"Mama yangu, baba. Muulize!"

"Mama mzazi hafai. Ana masilahi."

Hapo binti akaingia na sinia ya chai. Aliibeba kwa mkono mmoja. Wa pili ulifungwa bandeji kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Kijana kumwona tu, machozi yakamtiririka.

"Mnaona ninavyoteseka?"

"Tunaona," akasema baba. "Na yeye?"

"Yeye nani?"

Mshenga akaanza kukoroga chai ambayo hajaitia sukari.

Baba akamgeukia binti yake. "Si nilijua? Mwongo huyu!"

"Hapana, baba," binti akajibu. "Hajadanganya hata neno moja. Anapenda kweli. Ila si mimi."

Mnacheka? Haya, chekeni. Kisha mniambie: asubuhi hii sisi tumeimba nini? Moyo wangu, roho yangu, machozi yangu, ninavyokupenda mimi. Nani atasema tulidanganya? Nimewaona mkilia, na sikuhitaji shahidi. Lakini katika sala zetu zile ndefu, Mungu tulimtaja wapi, zaidi ya pale mwanzoni, kama anwani juu ya barua?

Na huyo uliyebanana naye kwenye benchi, aliyekupa mkono wa kushoto mlipoamkiana pale mlangoni: ulimuuliza wa kulia una nini? Au ulikasirika tu kwamba hana adabu?

Mungu ni mvumilivu, ndugu zangu. Anatusikiliza mpaka tumalize yote, majivu, moto na machozi. Halafu anauliza swali moja tu: "Na yeye?"

Nawasihi, siku hiyo tusijibu kama yule kijana.