Mkuyu wa Kichakani

Kuna watu wanaotaka kila kitu kiwafuate pale walipo, nao wamesimama wima kama nguzo za simu. Wahenga hawakuwa na subira na watu wa namna hiyo. Waliwaambia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, yaani anayekihitaji kitu hana budi kujishusha, kutaabika na hata kuchafuka. Dina wa Mbaga, kwenye milima ya Wapare, aliisikia methali hii tangu utotoni, lakini aliielewa siku ile alipokaribia kupokonywa shamba.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla. Dina, mjane mwenye watoto wanne, alishtakiwa barazani na Asheri, binamu wa marehemu mumewe, ambaye shamba lake lilipakana na la Dina kwa chini. Karatasi ya zamani ya baraza ilisema mpaka wao ni mkuyu. Basi, miti mikubwa iliyofanana na mkuyu ilikuwa miwili. Mmoja ulikuwa kando ya njia, hatua chache kutoka nyumbani kwa Dina. Wa pili ulikuwa bondeni, ndani ya kichaka cha miiba ambacho watu hawakukifyeka, kwa kuwa waliamini wakikifyeka chemchemi iliyokuwa humo ingekauka. Kutoka njiani kilionekana kilele chake tu.

Asheri alishikilia kwamba mpaka ni ule wa njiani. Ukikubaliwa huo, migomba yote ya Dina ingekuwa yake, pamoja na mfereji wa maji ambao mume wa Dina aliuchimba kwa msaragambo, kazi ya pamoja, yeye na majirani. Dina angebaki na ua wa nyumba na kaburi la mumewe.

Siku ya uamuzi alikuja Fanueli, karani wa baraza, kijana aliyevaa kaptula nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi hata ungeweza kukata nyama kwa mkunjo wake. Dina alimpokea akiwa amevaa gauni lake la kanisani, la pekee alilokuwa nalo.

Karani aliutoboa mti wa njiani kwa kisu, utomvu mweupe ukatoka, kama utokavyo kwenye mkuyu. Akatazama bondeni kwa mbali.

"Na ule unatoa maziwa?" aliuliza.

"Unatoa, bwana karani," alijibu Asheri. "Yote ni jamii moja. Lakini baba yangu alisema mkuyu, na mkuyu ni huu anaouona kila mpita njia."

"Basi nitaandika huu," alisema karani, akafungua kalamu.

Moyo wa Dina ulimpasuka. Barazani alikuwa amepiga kelele hadi sauti ikamkauka, na hazikumsaidia kitu. Safari hii alitafuta njia nyingine. Alizaliwa katika kijiji cha Kisiwani, kule chini tambarare ambako mikuyu imejipanga kando ya mto, na utotoni aliokota makuyu akawalisha mbuzi. Alikunja gauni, akapiga magoti, akaingia kichakani akitambaa. Miiba ilimrarua bega na gauni pia.

Alitoka na jani moja na makuyu matatu mekundu.

"Shika jani hili, bwana karani. Linakwaruza kama msasa. Sasa shika la huo wa njiani."

Karani alishika. Lilikuwa laini, linateleza.

"Tena huo una mizizi inayoning'inia, umeukumbatia mti mwingine hadi ukaunyonga. Vitunda vyake ni vidogo, viko penye majani, kwenye ncha za matawi. Mkuyu huzaa vishada kwenye shina lenyewe!"

"Makuyu huokotwa popote, mama," alisema karani. "Mimi naandika ninachokiona."

"Basi inama uone, mwanangu."

Fanueli aliitazama kaptula yake kwa huzuni ya kweli. Kisha akapiga magoti matopeni, na Asheri akamfuata akinung'unika. Ndani ya kichaka waliliona shina la rangi ya manjano, gome lake likibanduka kama karatasi, limejaa vishada vya makuyu toka chini hadi juu. Na pale chini, yamesongwa na magugu, yalikuwapo masale manne kwa mstari, mmea ambao Mpare haupandi bure: ni alama ya mpaka.

 Asheri hakuwa mwongo; miaka arobaini alikuwa amepita njiani bila kuingia humo hata mara moja. Alichuma jani la isale mojawapo, akatoka, akampa Dina kwa mikono miwili, kama wafanyavyo waombao radhi.

"Shemeji, nisamehe. Nilisimama mno."

Dina alilipokea. Alitaka kucheka, machozi yakamtangulia, akakaa chini kando ya mfereji, akanawa uso kwa maji ambayo sasa hakuna wa kumnyang'anya. Karani aliandika akiwa ameegemea mgomba, magoti meusi kwa tope, na gauni la kanisani lilikuwa limechanika mahali patatu. Hakuna aliyelijutia, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame.