Matanga ya Dalila

Hii nimeletewa na shoga yangu, nikaona nisikae nayo peke yangu. Ukimaliza kuisoma, mpe mwingine.

Palikuwa na mshonaji mmoja akiitwa Zamda, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: Dalila. Huyo Dalila hata hakuwa mtu. Alikuwa mwanamke wa mchezo wa redio, tajiri, mzuri wa kupitiliza, mwenye dhahabu mpaka vidoleni, anayekula peke yake kwenye meza ya watu kumi. Mchezo ulirudiwa miaka nenda miaka rudi. Mama yake Zamda aliulilia, Zamda akaulilia, na sasa binti zake nao walikuwa wanaulilia. Mtaani pale, ukiita "Dalila!" wasichana watatu wanageuka.

Safari hii mchezo ukaandikiwa mwisho mpya: Dalila akafa. Lo! Wanawake walilia redio ikiwa bado inasema.

"Hatuwezi kumwacha hivi hivi," akasema Zamda. "Hana ndugu, hana mtoto. Nani atamkalia matanga kama si sisi?"

Ilianza kwa utani. Huyu akaleta mchele, yule nazi, mkeka ukatandikwa barazani kwa Zamda. Lakini walipoanza kumsimulia, utani ukaisha, machozi yakawa ya kweli.

"Maskini Dalila," alisema Zamda, akipenga kamasi kwa pindo la kanga. "Uzuri wote ule, na hakuna hata wa kumgongea mlango!"

Mara akashuka Skolastika, mpangaji wa ghorofani. Mwanamke wa manukato na viatu virefu, maneno machache. Mtaa ulimbandika jina la Bi Maringo. Siku hiyo alivaa kandambili, kajifunga kanga mbili, mkononi kashika sukari.

"Poleni sana, jamani," akasema, akakaa pembeni mwa mkeka. "Nimesikia vilio nikashuka. Tumempoteza nani?"

Wakatazamana. Mwishowe Zamda akajikaza.

"Dalila."

"Dalila yupi? Mtoto wa nani?"

"Wa... wa redioni."

Zamda alingoja acheke. Angecheka, ingekuwa nafuu. Skolastika aliutazama mkeka, akaitazama sufuria ya wali.

"Kumbe matanga mnajua kukaa," akasema polepole. "Mama yangu alifia huko juu wakati wa masika. Mliliona jeneza likishuka. Tuliporudi kutoka kuzika nilipika chai ya watu wengi, nikakaa nayo. Hakupanda mtu."

Akaiweka sukari chini, akaondoka.

Zamda alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikumbuka vizuri mno. Siku ile wenzake walimkuta kwenye cherehani, wakamuuliza kama waende, na ni yeye aliyewajibu: "Mwenye nacho ana watu wake. Mwacheni na maringo yake." Sasa aliona haya hata kuyafuta machozi aliyokuwa nayo usoni, maana hayakuwa ya mtu.

Akajitanda kanga, akapanda ngazi. Wenzake walibaki wameinamisha vichwa.

"Hodi."

Mlango ukafunguliwa kidogo tu.

"Nimekuja kuhani," akasema Zamda.

"Umechelewa, dada."

"Najua. Na wenzangu walitaka kuja, mimi ndiye niliyewazuia. Sina la kujitetea."

Skolastika hakuufunga mlango. Zamda alisimama pale uso ukimwaka kwa aibu. Angeweza kusema siku nzima jinsi Dalila alivyovaa, alivyokula, alivyolala. Ya huyu wa juu ya kichwa chake hakujua hata moja.

"Marehemu mama," akauliza, "alikuwa anaitwa nani?"

"Apolonia," akasema Skolastika, akaufungua mlango wote, akamwangukia. Zamda akamdaka. Wakakaa chini pale pale mlangoni, Skolastika akalia kilio alichokuwa nacho tangu masika.

Funzo: Mpweke wa hadithini ni rahisi kumpenda, kwa sababu yeye hatudai salamu, wala sisi hatuhitaji kupanda ngazi kumfuata. Kabla hujammwagia machozi yako, mgongee jirani yako mlango.