Ngao Yenye Mshikio Mmoja

Hapo zamani, zamani ile ambayo hata wakati huo wazee walilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawafai, palikuwa na nchi iitwayo Bukemba, na Mtemi wake akiitwa Lugembe.

Bukemba ilikuwa na waziri wa vita. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza askari na kushika Ngao ya nchi, ngozi ya nyati iliyokaushwa, nzito kama mlango, yenye mshikio mmoja tu nyuma yake. Ngao ikisimamishwa kivukoni, mgeni mwenye silaha havuki mto. Ikilazwa chini, anavuka kwa amani. Na wa kuisimamisha au kuilaza ni waziri peke yake. Hata Mtemi haruhusiwi.

Sasa, waziri wao wa miaka mingi, mzee Masanja, alitoka salama katika vita vyote vya nchi ile, akaja kupaliwa na mfupa wa kuku kwenye karamu ya amani. Wakamzika kwa heshima kubwa. Habari ya kuku hawakuitaja.

Mtemi akaita baraza ili ateuliwe mwingine. Wa kwanza kusimama alikuwa Jilala, mpwa wake, aliyevaa ngozi ya chui aliyeuliwa na mtu mwingine.

"Mjomba," akasema, "vita ni akili." Akapanga vijiti mchangani. "Hawa ni sisi. Hawa ni wao. Sisi tunawazunguka hivi..."

Kuku akapita, akaparua sisi na wao.

"Keti, mpwa wangu," akasema Mtemi. Ilikuwa mara ya pili kuku kuingilia uwaziri ule.

Akasimama Mihambo. Huyu alikuwa askari tangu ndevu hazijaota, na makovu yake watoto walikuwa wakiyahesabu kwa mchezo.

"Baba Mtemi, mimi nimekula chungu. Nimelala matopeni. Nimewabeba wenzangu mgongoni, wengine wakiwa hai, wengine la. Anayemwambia mtu 'nenda ukafe' sharti ajue kufa kunanukaje. Ngao ni yangu."

Askari wakagonga mikuki chini, maana huyo alikuwa wa kwao. Na hapa lazima niwaeleze habari ya chungu. Kijana wa Bukemba akiingia jeshini, alikula nyama na wenzake katika chungu kimoja, wakaapa: wa chungu kimoja hawanyimani. Mwenzako akikuomba neno kwa jina la chungu, umeshampa. Na ambaye hakukila, awe na cheo gani, askari humsikiliza kama wanavyosikiliza mvua ya jirani.

Akasimama Milembe, mtunza ghala.

"Baba Mtemi, mimi sijashika mkuki, na sitajifanya hata kuota kwamba nimeushika. Lakini hao waliolala matopeni, uji walikunywa wa nani? Halafu kuna jambo ambalo kila mtu hapa analijua na hakuna anayelisema. Mihambo akiombwa na wenzake, hawezi kukataa. Mimi chungu sikukila. Mimi naweza kusema hapana. Ngao ni yangu."

"Dada," akacheka Mihambo, "hiyo hapana yako ataisikia nani?"

"Na ndiyo yako, kaka, ataizuia nani?"

Kabla baraza halijamaliza kuguna, akasimama Kabula, mpika pombe, mama wa askari watatu.

"Vita vikienda vibaya, Mihambo atapungukiwa na wenzake. Milembe atapungukiwa na mtama. Mimi nitapungukiwa na nini?"

Akawanyooshea kidole wanawe watatu, mmoja mmoja.

"Basi Ngao ni yangu."

"Mama Kabula," akauliza mzee mmoja kwa upole, "wewe unajua nini juu ya vita?"

"Sijui vinakoanzia. Najua vinakoishia. Vinaishia mlangoni kwangu."

Mtemi akasema atalifikiria jambo hilo usiku. Hakupewa nafasi. Milembe alirudi ghalani kwake kilimani, akatazama ng'ambo ya mto, akaona vumbi limefunika upande wote wa jirani zao Wagolo, na ndani ya vumbi mikuki inametameta. Ngoma ya vita ilitundikwa pale pale ghalani. Akaipiga kwa nguvu zake zote.

Askari wakatoka mbio, mmoja akiwa amenyolewa nusu ya kichwa. Mtemi akawafuata akihema, amebeba Ngao mwenyewe kwa kuwa hapakuwa na mwenye kuibeba. Kivukoni walimkuta Mihambo amekwisha fika.

"Simameni!" Wakasimama kama mtu mmoja. Mihambo akakaza macho, akatega sikio. "Vumbi la jeshi ni jembamba. Hili ni pana, tena zito. Hao ni ng'ombe. Na huyo anayelia ni ndama. Nani huenda vitani na ndama? Dada Milembe ametuitia vita na maziwa!"

Jeshi zima likacheka. Mihambo akacheka nalo, na mambo yangeishia hapo, kama vijana wa mbele wasingeacha kucheka ghafla. Walikuwa wakiwatazama wale ng'ombe. Ng'ombe wengi kama nyasi, na wachungaji wachache tu.

"Kaka Mihambo, turuhusu."

"Hatuna ugomvi na Wagolo."

"Tumekaa bila vita mpaka mikuki tunachomea viazi! Kaka, kwa chungu."

Mihambo akautazama mto.

"Kwa chungu tulichokula, kaka, tupishe."

Mtu yule aliyewahi kumtazama simba mpaka simba akaona haya, akashusha macho. Akapisha. Miguu ya kwanza ikaingia majini.

"Hapana!" Milembe alikuwa ameteremka kilima kwa mbio, kilemba kimemwangukia shingoni. "Asivuke mtu!"

"Mama wa mtama, hukula chungu!"

"Ndiyo maana nasema! Atakayevuka akale huko huko alikovukia. Ghala nimelifunga, funguo ninazo kifuani. Anayezitaka aje azichukue."

Hakujitokeza mtu. Askari wa nyuma, ambao ngoma iliwakuta hawajala, wakasimama. Wa mbele walikuwa wameshiba. Wakaendelea.

Wakafika katikati ya mto, na katikati ya mto wakakutana na Kabula. Alikuwa anatoka ng'ambo, nguo ameikunja mapajani, kibuyu cha maziwa kichwani. Wenzake walipokuwa wakibishana juu ya vumbi, yeye alikuwa amepita kivuko cha juu, akaenda kuuliza.

"Visima vyao vimekauka," akasema. "Wanaomba maji, na njia ya kupita kwenda malisho ya kusini. Mikuki ni ya fisi. Na nyie mnakwenda wapi?"

Mwanawe wa kwanza alikuwa mbele kabisa. "Mama, unaniaibisha mbele ya wenzangu! Tumeapa kwa chungu!"

"Chungu changu ulikila kabla ya chao. Geuka."

Akageuka. Wadogo zake wakageuka. Na ukiwa katikati ya mto, wenzako watatu wakigeuka na mama wa watu amesimama mbele yako na kibuyu, nawe unageuka.

Watu wakapiga vigelegele. Mihambo pekee hakushangilia.

"Mama Kabula," akauliza, "na wao walikuuliza nini?"

"Waliuliza waziri wetu wa vita ni nani. Nikawaambia hatuna, tunagombana."

"Eh."

"Wakauliza askari wako wapi. Nikawaambia wote wako kivukoni, mjini wamebaki kuku."

Mihambo akashika kichwa. "Mama! Na kama wangekuwa maadui?"

"Lakini si maadui."

"Ulijuaje, kabla hujauliza?"

Kabula akageuka kuitazama ng'ambo alikotoka. Maziwa yakamwagika kidogo kibuyuni.

Basi wakasimama hapo, jua likiwaka. Wagolo nao wamefika ukingoni, wanangoja Ngao ilazwe, maana na wao walikuwa watu wenye adabu. Lakini kiu haina adabu. Ndama mmoja alikuwa amepiga magoti mchangani, na mwenye ndama alikuwa ameanza kuupapasa mkuki wake.

"Mpe Mihambo," wakasema askari. "Bila yeye tungewapiga watu wasio na hatia, kwa ngoma ya mtu asiyejua vumbi."

"Mpe Milembe," wakasema wakulima. "Bila yeye, nusu ya jeshi ingekuwa ng'ambo, kwa ruhusa ya mtu asiyejua kukataa."

"Mpe Kabula," wakasema akina mama. "Nyie wote mlibishana, yeye akauliza."

"Akatoboa siri zote za nchi," wakajibu askari.

Mzee mmoja akataka kusuluhisha. "Milembe naye ale chungu, yaishe."

"Nikila," akasema Milembe, "kesho nitakataaje?"

"Basi Mihambo akikane chungu."

"Mzee wangu," akasema Mihambo, "kilicholiwa kimeliwa."

"Mjomba," akaanza Jilala, "kama hawaelewani..."

"Keti."

"Nimeketi, mjomba."

Nami nawaacha hapo hapo kivukoni. Mtemi Lugembe ameikumbatia Ngao, uzito wake umeanza kumwinamisha. Watatu wamesimama mbele yake, kila mmoja amenyoosha mkono. Ndama hajainuka. Na asiniambie mtu "awape wote", kwa maana mshikio ni mmoja na nilisema tangu mwanzo.

Je, nani aliistahili Ngao? Jibu upesi, ndama anakutazama.