Mkeka wa Kuzikiwa Mashavu

Sogeeni, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza.

Palikuwa na Kibibi, asiyeacha kazi njiani. Palikuwa na muuguzi Sekela, asiyeridhika mpaka ajue sababu. Na palikuwa na Ngwilizi, mfamasia ambaye hesabu zake hazimwogopi mtu.

Mashavu, dada yake Kibibi, alilazwa na saratani ya damu. Dawa za saratani zilikuwa zimemmaliza kinga ya mwili, homa ikampanda. Akatundikiwa antibayotiki, dozi ya kitabuni. Siku ya tatu, homa ile ile. Nyumbani alikuwa na mkeka aliousuka mwenyewe, wa kuzikiwa. Akafoka, "Siulalii! Atakayenitoa humu, ni wake."

Kibibi aliambiwa apime mkojo wa mgonjwa siku moja tu. Akapima siku tatu, jagi kwa jagi, akiandika kwenye daftari. "Lita tano kwa siku! Haya maji yanaondoka na nini?"

Sekela akalisoma daftari, akashtuka. Huenda figo zinaitupa dawa nje kabla haijafanya kazi! Akamtoa Mashavu damu muda mfupi kabla ya dozi iliyofuata. Maabara wakakataa kuipima bila saini ya daktari bingwa. Akaketi mlangoni kwao, akagoma kuondoka, mpaka wakapima. Kwenye damu dawa ilikuwa karibu imekwisha.

Ngwilizi akapiga hesabu: dozi iongezwe, tena idondoke polepole kwa saa kadhaa. Daktari bingwa akakunja uso. "Kitabu hakisemi hivyo."

"Kitabu hakijalazwa wodi hii, daktari. Aliyelazwa ni Mashavu."

Daktari akachukua kalamu, akasaini. Kesho yake homa ikaanza kushuka.

Mashavu aliporuhusiwa, mkeka ukaletwa.

"Bila daftari langu mngeshtuka na nini?" akauliza Kibibi.

"Daftari lilitia shaka tu," akasema Sekela. "Damu ndiyo iliyothibitisha."

"Na kuthibitisha bila hesabu yangu kungemponya nani?" akadakia Ngwilizi. "Basi yaishe, tuukate vipande vitatu."

Mashavu akawaka. "Mkeka wa maiti haukatwi! Wala mimi si maiti! Amueni upesi, nianze kusuka mwingine, wa kukalia."

Mpaka leo wanabishana, naye yu hai anawasikiliza. Mimi nimeshindwa, na sioni haya kusema. Je, wewe ungempa nani?